Hodi ya Pili

Kwetu mtoto hufundishwa kupiga hodi kabla hajafundishwa kusoma. Unasimama nje, unaita, unasubiri. Ukiitikiwa "karibu" unaingia. Ukiita mara tatu pakawa kimya, unarudi ulikotoka, wala hakuna wa kulaumiwa. Adabu hiyo mimi niliipata Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyoko Kasulu mkoani Kigoma, ambako milango mingi ilikuwa pazia la kitenge tu na bado mtu hakuthubutu kulisogeza kabla ya kuita. Nilidhani naijua hodi. Nilifika umri wa miaka ishirini, nikiwa Minto, kusini magharibi mwa Sydney, ndipo nikatambua kwamba ipo hodi moja ambayo sijawahi kuipiga, na kwamba mama yangu aliumia kwa sababu hakuna aliyempigia.

Wazazi wangu ni watu wa Fizi, Kivu Kusini. Vita vya mwaka 1996 viliwavusha Ziwa Tanganyika, na Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huohuo kuwapokea watu kama wao. Nilizaliwa humo mwaka 2003. Kumbukumbu yangu ya kwanza ya tiba ni foleni ya kituo cha afya cha Msalaba Mwekundu wa Tanzania: mimi mgongoni mwa mama, jua la utosini, na mbele kabisa mtu mwenye koti jeupe ambaye sisi watu wa Kongo tunamwita munganga. Munganga hakuulizwa swali. Alikutazama, akaandika, akakupa dawa, ukashukuru.

Mwaka 2014 tulipata makazi Australia, tukafikia Minto. Ni mtaa ambao miaka ya 1970 serikali ilijenga nyumba za kuwapangisha watu wa kipato kidogo, kisha kuanzia miaka ya 2000 ikazibomoa kwa mamia na kujenga mpya. Nyumba tuliyoingia rangi yake ilikuwa bado inanukia. Jirani zetu wa kulia walikuwa Wasamoa, wa kushoto Wabangladeshi. Kiingereza kiliniingia haraka kuliko wenzangu wa nyumbani, kwa hiyo nikiwa na miaka kumi na moja nikawa mdomo wa familia. Benki nilitangulia mimi. Ofisi ya shule nilitangulia mimi. Na kwa daktari pia.

Siku ninayotaka kuishuhudia ni ya mwaka 2016. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mama alikuwa akitokwa na damu ya mwezi kupita kiasi, siku tisa, siku kumi, amekonda na midomo imepauka. Tuliketi mbele ya daktari, mwanamume mtu mzima, mpole. Mama akaniambia kwa sauti ya chini, macho sakafuni: "Mwambie damu haikatiki." Neno la Kiingereza nililijua. Kulitamka ndiko kulikonishinda. Mbele ya mwanamume, habari za mama yangu mzazi, mambo ambayo kwetu binti huambiwa na shangazi au bibi, tena faraghani! Nikasema: "Tumbo linamuuma." Mama hakuwa na njia ya kujua nilichosema. Daktari akaandika dawa za vidonda vya tumbo. Tulirudi mara mbili zaidi, na mara zote mbili nilisema tumbo.

Baada ya miezi minane mama alianguka jikoni. Hospitalini walikuta damu yake imeshuka mno. Kizazi kilikuwa na uvimbe, ule uvimbe unaowapata wanawake wengi na ambao ukigunduliwa mapema hutibika bila mtu kufikia kuanguka. Aliongezewa damu, akapasuliwa, akapona. Namshukuru Mungu kwa hilo kila siku. Lakini kabla ya upasuaji lilitokea jambo. Muuguzi hakuniuliza mimi kitu. Alipiga simu, akaiweka kwenye spika, na sauti ya mwanamke nisiyemjua ikasema kwa Kiswahili: "Habari za leo, mama. Mimi ni mkalimani." Mama akaanza kusema. Akasema muda mrefu, kisha akalia. Mimi niliombwa nitoke. Nikasimama kwenye korido nikijua kwamba neno moja lililonishinda kutamka lilikuwa limemla mama yangu miezi minane.

Hapo ndipo nilipoapa kuwa daktari. Watu wakikisikia kiapo hicho hukisifu, lakini leo nasema ukweli wake: kilizaliwa na hatia. Na hatia ile ilinifanya nitake kuingia kila chumba, nisikie kila kitu, nisibaki tena koridoni.

Mwaka 2022 nilianza shahada ya sayansi ya tiba katika Chuo Kikuu cha Western Sydney, kampasi ya Campbelltown. Ukipanda treni Minto unapita Leumeah, unapita Campbelltown, unashuka Macarthur, chuo hicho hapo. Shule yake ya udaktari ilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 2007, na shabaha yake tangu mwanzo ilikuwa kuupatia upande huu wa magharibi wa Sydney madaktari wake wenyewe. Nia yangu ilikuwa nimalize shahada, nifanye mtihani wa GAMSAT, kisha niombe udaktari. Hapa Australia vyuo vingi hutazama alama, mtihani na usaili. Saa ulizokaa ukimfuata daktari kazini havizihesabu kama vinavyozihesabu vyuo vingi vya Marekani. Kwa hiyo hakuna aliyenilazimisha. Lakini niliona nakaribia kuitolea kazi hii miaka zaidi ya kumi, na sijawahi kuiona ila kutoka kwenye kiti cha ndugu wa mgonjwa. Nilitaka kuiona kutoka upande wa pili wa meza.

Nilipomwambia baba, alikataa. "Mwanangu, munganga haombwi," alisema. "Ukimsumbua leo, kesho mama yako akiugua atatupokeaje?" Haukuwa ukali. Mtu aliyeishi miaka kumi na minane kambini anajua kwamba mwenye dawa hafai kuchoshwa. Nilinyamaza, lakini usiku nikaandika barua pepe kwa madaktari kumi na mmoja. Barua ilikuwa moja, nikibadilisha majina tu. Ndani niliandika alama zangu, ndoto zangu, na habari za kambi, nikitumaini huruma. Tisa hawakujibu. Wawili walijibu kwamba bima yao haimhusu mtu ambaye bado si mwanafunzi wa udaktari.

Nilikasirika. Nikajiambia wamelikataa jina langu. Nikampelekea barua ile mama mmoja wa kanisani kwetu, ambaye kazi yake ni kuwatunza wazee katika nyumba ya kulelea wazee, nikitaka aniambie kwamba nimeonewa. Akaisoma yote, akairudia, akaniuliza: "Wagonjwa wako wapi?"

Sikuelewa.

"Humu kuna wewe na kuna daktari," alisema. "Neno mgonjwa silioni. Unaomba kuingia nyumbani kwa watu, na unayemwomba ni bawabu peke yake."

Wiki ile nilikuwa nasubiri basi Barabara ya Redfern, njia niliyoipita miaka tisa bila kujiuliza imepewa jina la nani. Nikatafuta. William Redfern alikuwa msaidizi wa daktari katika jeshi la majini la Uingereza. Mwaka 1797 mabaharia walipoasi kule Nore, kwenye mlango wa mto Thames, aliwashauri waungane zaidi. Akahukumiwa kifo, lakini kwa kuwa alikuwa kijana hukumu ikapunguzwa, na mwaka 1801 akaletwa Australia akiwa mfungwa. Alisamehewa mwaka 1803 akiwa kisiwa cha Norfolk. Aliporudi Sydney mwaka 1808 hakuwa na cheti cha kuonyesha, basi madaktari wa koloni wakamketisha na kumpima, akafaulu, akawa wa kwanza kuthibitishwa udaktari katika ardhi hii. Mwaka 1814 aliandika taarifa juu ya vifo katika meli za wafungwa, akidai hewa, usafi na daktari wa kweli melini. Shamba lake, Campbellfield, lilikuwa hapahapa Minto, na shule yetu ya Sarah Redfern inabeba jina la mke wake. Tena alichukua wanagenzi: vijana waliomfuata hospitalini na kujifunza kwa kutazama mikono yake. Hao ndio wanaotajwa kuwa wanafunzi wa kwanza wa udaktari wa nchi hii.

Nilifurahi sana. Mtu wa mtaani kwetu, aliyeletwa akiwa mfungwa, na elimu yake ikirithishwa kama mkunga wa kwetu anavyomrithisha binti yake, kwa kufuatana! Lakini swali la yule mama wa kanisani halikuniacha nifurahi tu. Wagonjwa wa hospitali ile walikuwa wafungwa kwa wingi. Wanagenzi walipokizunguka kitanda, mfungwa angemwambia nani kwamba hataki? Uanagenzi ule ulikuwa mzuri, na hodi yake ilikuwa moja. Barua yangu nayo ilikuwa na hodi moja. Na mimi mwenyewe, mwaka 2016, niliingia chumbani na mama yangu bila mtu yeyote kumuuliza: mama, binti huyu akae au atoke?

Nikaandika barua upya, moja, kwa daktari mmoja: mwanamke ambaye zahanati yake ilieleza kwamba anashughulika na afya ya wahamiaji. Kwa Kiswahili ingesomeka hivi:

"Daktari mheshimiwa, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sayansi ya tiba, naishi Minto. Naomba kukaa pembeni asubuhi mbili, nitazame jinsi unavyozungumza na wagonjwa. Sitamgusa mgonjwa wala kompyuta. Nitaingia kwa mgonjwa aliyekubali tu, aulizwe kabla hajafika chumbani, na nitatoka wakati wowote atakaotaka. Nitakayoyasikia hayatatoka nje. Kadi yangu ya chanjo iko tayari. Isipowezekana nitaelewa, na nakushukuru kwa kunisoma."

Nilikwenda kuikabidhi mkononi mapokezi, saa za mchana ambazo watu wamepungua. Wiki mbili kimya. Nikapiga hodi tena kwa barua pepe ya mistari mitatu. Kesho yake nikaitwa kwa mazungumzo ya dakika kumi.

Daktari aliniuliza swali moja: "Mgonjwa akikukataa utafanya nini?"

"Nitatoka."

"Na uso wako utakuwaje?"

Sikuwa na jibu. Akasema nikaufikirie uso wangu, kisha akanipa fomu ya kutunza siri niisaini, akataka kuona chanjo za surua, tetekuwanga na homa ya ini, na kipimo cha kifua kikuu. Akanieleza utaratibu. Viwango vya RACGP, chuo cha madaktari wa familia wa Australia, vinataka ruhusa ya mgonjwa ipatikane mapema, kabla hajaingia chumbani. Akishaketi, daktari mbele yake na mgeni pembeni, ni wachache watakaothubutu kusema hapana. Mama yangu asingethubutu kamwe.

Asubuhi mbili zile zikawa nane. Niliyoyaona siwezi kuyasimulia kwa sababu si yangu, lakini kazi yenyewe naweza kuisema. Niliona kwamba jambo la kwanza analolitaja mgonjwa mara nyingi silo lililomleta. Lililomleta hutajwa mwishoni, mkono ukiwa tayari kwenye kitasa, na daktari mzuri humrudisha akaketi. Niliona daktari akiigeuza skrini ya kompyuta ili mgonjwa naye asome kinachoandikwa juu yake. Nilimsikia akisema, "Hili silijui, nitamuuliza mwenzangu," na mgonjwa akamwamini zaidi. Mimi niliyelelewa kumwona munganga kama mtu asiyeulizwa, nilimwona munganga anayeuliza kutwa nzima.

Kisha ikaja asubuhi ya tano. Aliingia mapokezini mama wa kwetu, mtu wa lugha yetu. Nchi yake siitaji, wala umri, wala mwaka. Dada wa mapokezi akamuuliza kama anakubali mwanafunzi awepo. Mama yule akanitazama, akanitambua. Akasema hapana.

Nilitoka nikaketi kwenye viti vya kusubiria. Kupitia mlango, kabla haujafungwa, nilisikia daktari akipiga simu ya wakalimani, na akaomba Kiswahili. Mimi mwenye Kiswahili nimekaa hatua sita kutoka pale, na wao wanamtafuta mtu wa mbali asiyejulikana! Nilihisi uso ukiwaka. Nikalikumbuka swali la daktari, nikauinamisha. Na nikiwa nimeinama hivyo, nikakumbuka mama alivyolia kwenye simu ya hospitali mwaka 2016. Aliweza kulia kwa sababu sauti ile haikuwa ya mtu wa nyumbani. Isingekutana naye sokoni wala kanisani. Isingeona aibu kwa niaba yake, kama nilivyoona mimi. Mama huyu wa leo alikuwa amepewa kile ambacho mama yangu alinyimwa: aliulizwa, akasema hapana, na mtoto akatoka nje.

Dakika zile nilizoketi nje ndizo zilizonibadilisha. Niliingia zahanati ile nikitaka kuwa mtu ambaye milango yote imemfungukia. Nilitoka nikitaka kuwa mtu ambaye mgonjwa anaweza kumfungia mlango bila kuogopa. Alichokuja nacho mama yule sikijui mpaka leo, na sitakijua.

Jioni ile nilimkuta mama akichambua sombe, yaani kisamvu, jikoni. Nikakaa chini nikamweleza, kwa mara ya kwanza, kwamba mwaka 2016 nilisema tumbo. Mikono yake ikasimama. Akanyamaza kwa muda. Kisha akasema: "Nilijua. Si siku ile, lakini baadaye nilijua. Wewe ulikuwa mtoto. Kosa ni la sisi wakubwa tuliokupa mzigo wa watu wazima." Nikamwomba msamaha. Akanipa, naye akaniomba wangu. Baba alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema neno, lakini Jumatano iliyofuata aliniamsha mapema mwenyewe ili nisichelewe treni.

Miezi kadhaa baadaye, katika harusi, mama yule wa asubuhi ya tano alinifuata. Nilimwamkia. Akaniuliza: "Mwanangu, ulinikasirikia?" Nikamwambia hapana. Akasema: "Mimi maisha yangu yote hospitalini nimekuwa nikiambiwa. Siku ile niliulizwa. Niliposema sitaki na hakuna aliyekunja uso, ndipo nikamweleza daktari yote." Nilimwomba ruhusa ya kusimulia habari hii. Akafikiri, akasema nisimulie, ila nisiseme chochote kitakachomfanya mtu amtambue. Nimeandika kwa sharti lake.

Kijana mwenzangu unayetaka udaktari, uwe Minto, Kigoma au Mombasa, usiogope kumwomba daktari. Wazee wetu husema mwomba chumvi huombea chunguche. Eleza wewe ni nani, unataka kuona nini, kwa siku ngapi, na uache mlango wa kukukatalia ukiwa wazi. Asipojibu, ita tena baada ya wiki mbili, na ya tatu ukipenda, kisha uende kwingine bila kinyongo. Lakini akikwambia karibu, jua umepita mlango wa nje tu. Wa ndani ni wa mgonjwa, na hodi yake hupigwa upya kwa kila mgonjwa, kila siku, hata utakapokuwa na stetoskopu yako mwenyewe shingoni.

Nanyi wazazi wetu mlioko Australia: msimfanye mtoto kuwa mdomo wenu kwa daktari. Ombeni mkalimani mnapoweka miadi. Namba ni 131 450, inafanya kazi usiku na mchana, na kwa daktari wa familia mgonjwa halipi kitu kwa huduma hiyo. Mama yangu ameiandika kwa kalamu nyekundu ukutani jikoni kwetu, juu ya jiko. Siku hizi akienda kwa daktari anaiomba mwenyewe, kwa Kiingereza chake. Mimi nikimsindikiza nakaa nje, na huingia akiniita.